Kivuva, Maua Yake na Safu za Nyuki

Kivuva alikuwa mkulima wa maua. Kama hilo linakuchekesha, cheka sasa umalize, kwa sababu majirani zake walicheka miaka mingi na mwishowe zilizochoka ni mbavu zao, si yeye.

Upande ule wa Kabati, kule Ukambani, kila mtu mwenye akili zake alipanda ndengu, kunde, mbaazi na mtama. Kivuva alipanda zinia. Alipanda alizeti za kutazamwa tu, zisizokwenda kukamuliwa mafuta, na yale maua ya manjano yenye harufu kali ambayo hata fuko akiyafikia chini ya ardhi hugeuza njia. Shamba lenyewe lilikuwa teresi tatu kwenye mteremko unaoshukia mtoni. Zilichimbwa na mwethya, kile kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na majirani hao walichimba wakiamini wanachimbia mahindi. Walipoona kilichoota, walimtungia Kivuva wimbo. Siuandiki hapa, watoto nao husoma.

Kazi hiyo alifunzwa na reli. Kwa miaka mingi alitunza bustani ya stesheni moja kule Makueni, enzi ambazo stesheni zilishindana kwa maua kama wasichana wanavyoshindana kwa nguo mpya siku ya Krismasi. Aliporudi nyumbani mwaka wa sabini, akiwa na mkebe wa tumbaku uliojaa mbegu, aliwaambia watu kwamba treni za Mombasa zilikuwa zikipunguza mwendo ili abiria watazame maua yake. Kwamba treni yoyote hupunguza mwendo ikikaribia stesheni, hilo hakulitaja, na watu wenye heshima hawakumuuliza.

Lakini ujuzi alikuwa nao, tusimnyime. Hakubembeleza ardhi ifanye isichoweza. Wakati wa kiangazi hakubeba maji hata tone; shamba lililala naye akalala. Mvua za Oktoba zikinukia tu, alimwaga sehemu ya mbegu kwenye teresi ya chini. Hizo zikitoa majani ya kwanza, alimwaga nyingine teresi ya kati, kisha nyingine juu, ili maua yasije yote siku moja kama wageni wa matanga. "Ua lisiloweza kungoja mvua," alisema, "likaolewe Nairobi." Mbegu hakununua. Kila msimu alichagua yale yaliyosimama wima bila kuomba msaada, akayaacha yakauke, akarudisha mbegu zake mkebeni.

Mbolea aliipata kwa Abukar, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa na boma pale sokoni. Abukar alimwachia Kivuva samadi, na Kivuva alimpelekea Abukar mabua na magugu ya shambani yawe chakula cha mbuzi.

"Mzee Kivuva," Abukar alimwambia siku moja, "hawa mbuzi wangu siku hizi wananukia harusi. Mteja jana ameniuliza mahari yao."

"Mwambie mbuzi aliyekula maua ya Kivuva hauzwi, anaposwa," Kivuva akajibu, na akaenda zake na gunia la samadi begani kama mtu aliyebeba cheo.

Sasa, katika shamba hilo palikuwa na mpaka mmoja ambao Kivuva hakuuvuka. Mkewe, Ndila, ambaye wote tulimwita Mama Mumbua, alikuwa na nyuki. Ninyi mnajua Ukambani mzinga ulikuwa mali ya mwanamume: gogo lililotobolewa, likapandishwa juu kabisa ya mti ambako mwanamke hawezi kufika bila kusemwa. Lakini kikundi cha akina mama wa kanisa kilileta mizinga ya mbao ya kuning'inizwa chini chini, karibu na kiuno, na Ndila akachukua miwili. Kivuva alipoiona alisema hao ni nyuki wa kujifunzia. Kisha akaonja asali, na hakusema tena.

Mapatano yao yalikuwa hivi: safu za mwisho za teresi ya juu, zile zilizo karibu na mizinga, hazikatwi. Ni za nyuki. Kivuva alipolalamika msimu wa kwanza kwamba ni maua mazuri kupita yote, Ndila alimwambia, "Baba Mumbua, wewe una wateja wako na mimi nina wangu. Wangu hawaongei sana." Kisu hakikuingia pale tangu siku hiyo.

Basi mwaka wa sabini na saba mvua ilikuja vizuri, na pamoja nayo ikaja harusi. Syombua, nesi wa hospitali kule Kitui mjini, alikuwa anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwaka, wakati ambapo watu wote wa Nairobi na Mombasa wako nyumbani na kila mtu anaona viatu vya kila mtu. Mama yake alikuwa na duka la vitambaa Kabati. Mama huyo hakuwa mtu wa mchezo. Siku moja baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa wakisalimiana, akatangaza kwamba maua ya harusi yatatoka Nairobi, na yatakuwa ya plastiki.

"Hayanyauki," akasema. "Na baada ya harusi unayaosha kwa sabuni, unayaweka sebuleni."

Kivuva alikuwa karibu sana, kwa bahati mbaya yake. "Mama Syombua," akasema, "ua la plastiki ni kama meno ya bandia. Yanang'aa, lakini hayajui utamu."

Watu wakacheka. Mama Syombua hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa na jino moja la namna hiyo.

"Sawa," akasema polepole. "Wewe ambaye treni zilikupunguzia mwendo. Unaweza kujaza kanisa hili? Si kopo moja kwa mchungaji na kopo lingine dirishani. Kujaza."

Hapo ndipo mtu mwenye busara angekohoa na kuulizia habari za mvua. Kivuva alipanda juu ya jiwe.

"Kanisa hili lisipojaa maua yangu siku hiyo," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "nitang'oa kila shina kwenye teresi zangu mbele yenu, na nipande ndengu mpaka nife!"

Kelele zilizofuata zilikuwa za furaha, hasa kutoka kwa wale waliochimba teresi. Mchungaji Kilonzo akasema Mungu ni shahidi, ingawa alikuwa anatabasamu. Ndila alifunga leso yake vizuri kichwani na kuanza kutembea kuelekea nyumbani, na Kivuva, akishuka kutoka kwenye jiwe, alihisi maneno yake yanamsubiri huko mbele njiani kama ng'ombe wa mtu mwingine aliyeingia shambani.

Hata hivyo zinia hazikumwangusha. Krismasi ilikuta teresi zote zikiwaka nyekundu, pinki na rangi ya papai lililoiva. Kivuva alipita katikati yake mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

Shida ilikuwa moja. Kujaza kanisa si kazi ya asubuhi moja. Ua hukatwa alfajiri, umande ukiwa bado juu yake. Ukilikata jua likishawaka, hulala kabla hujafika nyumbani. Kwa hiyo ilibidi akate kidogo kidogo tangu katikati ya wiki, na yaliyokatwa yakae mahali penye baridi na maji. Na maji yasiwe ya kisima cha pampu, yale ya chumvi ambayo hata chai huyakasirikia. Ua likinywa chumvi linainama siku hiyo hiyo.

Lakini Kivuva alikuwa na mbinu yake, na aliipenda kuliko watu wengine wanavyopenda watoto wao. Mto wetu, kama mito yote ya huku, ni wa mchanga. Mvua ikishapita juu panakauka, lakini ukichimba kidogo unakuta maji matamu, baridi kama moyo wa mkopeshaji. Kivuva alichimba mashimo kwenye mchanga, chini ya kivuli cha mkuyu ulioinamia ukingoni. Alisimamisha maua humo, vikonyo vikiwa ndani ya maji, kisha akayafunika kwa magunia mabichi. Aliita mahali hapo friji. Hakukuwa na friji nyingine Kabati nzima ila moja ya soda, na alisema hiyo ya soda inamwonea wivu.

Mpaka Ijumaa mchana, friji ilikuwa imejaa. Teresi zilibaki mabua matupu, isipokuwa zile safu za nyuki kule juu. Kivuva alikaa chini ya mkuyu akila ndizi, akiyahesabia maua nafasi kanisani: haya mlangoni, haya mbele, haya kila ncha ya benchi.

Ndila akatokea ukingoni na jerikeni.

"Baba Mumbua, toa maua humo."

"Kwani yamekuomba?"

"Nyuki wamerudi mizingani mapema. Na kule milimani kumefunga mawingu meusi."

Kivuva akatazama juu. Juu ya kichwa chake mbingu ilikuwa safi, bluu kama sare ya shule. "Mama Mumbua," akasema kwa upole wa mtu anayejua, "mimi nimefanya kazi na saa za reli. Sifanyi kazi na saa za wadudu."

Ndila akateka maji yake, akajitwika jerikeni, akapanda. Sasa hapo mimi na wewe, tuliozaliwa huku, tunajua. Mto wa mchanga haunyeshewi mahali ulipo. Unanyeshewa kule mbali, kwa watu wengine, halafu unakuja kwako kukuambia. Kila mtoto hapa amekatazwa kulala mtoni Desemba. Kivuva naye alikatazwa alipokuwa mdogo. Lakini reli ilimkalisha kwenye sementi miaka mingi mno.

Alisikia kwanza mlio, kama lori lililobeba mawe likishuka na breki mbovu. Akafikiri ni lori lililoleta mbuzi wa Abukar. Kisha akauona mto unakuja: ukuta mfupi wa povu la kahawia, ukisukuma matawi, makopo na ndala moja. Kivuva akarukia shimo la kwanza. Akavuta gunia, akakumbatia alichoweza, maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, na mzizi wa mkuyu ndio uliomzuia asiende harusini kwa njia ya mto. Alipojivuta ukingoni, mkononi alikuwa na zinia moja, na hiyo nayo imevunjika shingo.

Nyuma yake maua yalishuka katikati ya maji machafu, mekundu na ya pinki, yakicheza, mazuri ajabu. Chini kwenye kivuko wanawake waliokuwa wakingoja maji yapungue waliyaona yakipita, na mmoja akapiga kigelegele.

"Jamani, mto umeoa!"

Habari ilifika sokoni kabla ya Kivuva kufika nyumbani. Alipopita nyuma ya maduka akiwa amelowa, mtu mmoja alimuuliza kama bibi harusi ameshavuka. Mwingine alimuuliza kwa adabu kabisa kama anahitaji mbegu za ndengu.

Nyumbani Ndila alikuwa akipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa pamoja na kunde. Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akamsogezea kigoda karibu na moto. Hakusema nilikuambia. Ndugu zangu mliooa, mnajua kwamba mwanamke asiposema nilikuambia, deni linakuwa kubwa zaidi.

Kivuva akakaa. Akaukausha mguu mmoja, akaukausha mwingine.

"Muthokoi unanukia vizuri," akasema.

"Ndiyo."

"Kunde nazo zimefanya vizuri mwaka huu."

"Ndiyo."

"Na zile safu za juu... nyuki wamekula vya kutosha, au bado?"

Ndila akakoroga chungu. "Sijui. Nenda ukawaulize."

"Mama Mumbua, nimeapa mbele ya kanisa. Kesho watakuja na majembe. Unawajua watu hawa. Watakuja wakiimba." Sauti yake ilikatika kidogo, na safari hii hakuwa anaigiza. "Nikipanda ndengu kwenye zile teresi nitakuwa mzee tu. Mzee wa kawaida."

Ndila akaweka mwiko chini. Aliwahi kuishi na mzee huyo katika miezi ya kiangazi, alipokosa la kufanya akahesabu kuku na kumfundisha kupika. Hakutaka kuishi naye mwaka mzima.

"Utakata moja, uache moja," akasema. "Usifyeke. Nyuki wanahitaji kuamka wakute kitu. Na kwa kuwa hayatatosha, utakata masuke ya mtama wangu na mawele yangu, pale ukingoni ambapo ndege wameshaonja. Yatajaza nafasi."

"Mtama? Kanisani? Mama Mumbua, watu watasema nini?"

"Watasema umepanda ndengu, usipotaka."

Kivuva akavuta kigoda karibu zaidi na moto.

"Na jambo lingine. Kesho ukiulizwa maua ni ya nani, utasema ni ya nani."

Hilo lilimchoma zaidi ya maji ya mto. Akalitafuna pamoja na muthokoi mpaka chakula kikaisha, na mwishowe akatikisa kichwa kukubali, kidogo sana, ili ikiwezekana baadaye aseme alikuwa akifukuza nzi.

Alfajiri, nyuki wakiwa bado wamelala, walipanda wote wawili kwenye teresi ya juu. Ndila alitangulia akigusa ua la kukata. Kivuva alifuata na kisu, akikata pale alipoguswa na si penginepo. Zilikuwa alizeti, na zinia ambazo hazijawahi kutazamwa kwa karibu, nene kama sahani za chai. Katikati ya kazi Kivuva alisimama.

"Hizi zilikuwa hapa miaka yote?"

"Zilikuwa za watu wanaofika mapema," Ndila akasema.

Kanisani waliweka mtama nyuma, ukisimama na vichwa vyake vizito, mawele pembeni, na zinia na alizeti katikati, zikitazama nje kama watoto dirishani. Kila benchi lilipata kishada. Mlangoni palikuwa na matao mawili ya mtama. Wanaume waliokuja na majembe, na kweli walikuja nayo, waliyaegemeza nje ya ukuta wakaingia, wakatazama, wakavua kofia wakiwa wamesahau kuimba.

Mama Syombua aliingia amevaa kofia yenye maua ya plastiki upande mmoja. Katika pikapu yake nje palikuwa na boksi zima la mengine, kwa sababu alikuwa mwanamke anayemwamini Mungu na bado anafunga mlango. Alitembea polepole mpaka mbele. Akagusa suke la mtama kwa kidole.

"Kivuva," akasema, "hiki ni chakula."

"Ni ua lililokua likapata akili," Kivuva akajibu, lakini kwa sauti ndogo.

Angesema zaidi, pengine angejiharibia, ila bibi harusi akawasili na kwaya ikaanza. Mchungaji Kilonzo alikuwa amefika kwenye yale maneno ya kama kuna mtu mwenye pingamizi, watu wote wakanyamaza, na katika kimya hicho ukasikika mvumo dirishani.

Nyuki walikuwa wameamka, wakakuta nusu ya meza yao imeondolewa. Nyuki si wajinga. Walifuata chakula chao mpaka kanisani. Waliingia wachache, halafu wengi. Msimamizi wa bwana harusi, kijana wa Mombasa aliyejipulizia marashi, alianza kupunga mikono na akachomwa sikio. Watu wakaanza kuinuka.

Ndila akasimama kwenye benchi lake. "Kaeni!" akasema. "Msipunge mikono. Wamekuja kula, hawakuja kupigana. Ninyi mliokuja kula wali, nani amewafukuza?"

Watu wakakaa. Nyuki wakapita juu ya vichwa vyao, wakatua kwenye zinia, wakaendelea na kazi. Mmoja alitua kwenye kofia ya Mama Syombua. Akatembea juu ya ua la plastiki, akaliingia, akatoka, akalizunguka mara nyingine kama mteja anayekagua mzani wa muuza nyama, kisha akaruka akaenda zake kwenye mtama. Kanisa zima lilikuwa linatazama. Msichana mmoja wa kwaya alishindwa kujizuia, na baada ya hapo ibada ilichukua muda kurudi mahali pake.

Kwenye karamu Mama Syombua alisimama kushukuru watu. Alishukuru wapishi, akashukuru wakwe, halafu akageuka. Kivuva akaacha kutafuna.

"Kuna mtu aliapa hapa," akasema. "Alisema atajaza kanisa au atapanda ndengu. Mimi nilikuwa na boksi kwenye gari. Limebaki kwenye gari. Kanisa lilijaa, mpaka wasioalikwa wakaja." Watu wakapiga makofi. "Teresi zake abaki nazo. Lakini jana nimesikia maua yameolewa na mto. Sasa Mzee Kivuva, hebu tuambie: haya ya leo ni ya nani?"

Kivuva akainuka, akarekebisha koti.

"Haya," akasema, "ni ya nyumba yetu."

Ndila akakohoa.

"Kusema kweli ni ya nyuki."

Ndila akakohoa tena, kikohozi kirefu, kikohozi cha mtu ambaye hajapata baridi yoyote. Abukar, aliyekaa na mabakuli ya wali mbele yake, akaanza kucheka kabla ya wengine.

"Ni ya Mama Mumbua!" Kivuva akapaza sauti. "Yote! Na mtama ni wake! Mimi nilishika kisu tu!"

Kigelegele kilichopigwa pale kilizidi kile cha bibi harusi. Kivuva alisimama katikati yake akijaribu kuonekana kama mtu aliyepatikana na hatia, lakini mdomo ulimsaliti, akacheka mpaka akalazimika kukaa. Wale wenye majembe walirudi nyumbani nayo mabegani bila kuyatumia, wakidai kwamba hata hivyo waliyaleta kwa ajili ya kupamba.

Mvua za Oktoba iliyofuata zilipokaribia, Ndila alipanda hadi teresi ya juu akapima safu za nyuki kwa hatua zake. Tangu hapo, kila mwaka hatua hizo zilikuwa ndefu kidogo kuliko za mwaka uliopita. Kivuva aliona. Alikuwa akisimama chini na mkebe wake wa tumbaku, akitazama pembeni kama mtu anayehesabu mawingu, na mbegu za kwanza, zile nene kabisa, aliziweka kando kwa ajili ya safu hizo bila kuulizwa.

Friji yake ya mchangani hakuiacha. Treni zimeanza hata kusimama ndani ya masimulizi yake, na abiria wanashuka kuchuma. Lakini kabla ya kuteremsha ua moja mtoni, alikuwa akisimama ukingoni na kuita kuelekea nyumbani, jua kali likimwakia utosini:

"Mama Mumbua! Kule juu kukoje?"

Na hakushuka mpaka ajibiwe.